Ufunguo Uliokutwa Mfukoni Mwako

Aingiaye ndani ya mashine ndiye akaaye na ufunguo. Kila mfanyakazi wa kiwanda kile cha chakula cha mifugo aliijua kanuni hiyo, na wengi wao walifundishwa na wewe, mwanetu.

Umetimia mwaka mmoja leo tangu mashine ile ikuue, na mama yako angali akikuwekea sahani mezani, kisha huiondoa kimyakimya.

Ulikuwa fundi mpole. Wenzako walikubandika jina la Subirini, kwa kuwa ndilo neno ulilowaambia kila walipokuharakisha. Uliwachongea wanao penseli kabla hujavaa viatu. Mkeo alikutania kwamba hata chai huinywi mpaka uikague. Ukacheka, na ukaikagua.

Asubuhi ile ulizima kichanganyio, ukatia ufunguo mfukoni, ukajiingiza hadi kiunoni ili kukaza panga lililolegea. Msimamizi akaja na ufunguo wa pili, akawasha. Mapanga yakakukamata mkono, yakaung'oa begani, yakakupigiza kwenye ukuta wa pipa mara tatu kabla mpakiaji mmoja hajaifikia swichi kuu. Pumba zilitoka nyekundu. Ulikata roho njiani kwenda hospitali. Tunayaandika haya kwa sababu taarifa ya kiwanda ilitosheka na neno moja: uzembe. Uzembe wako.

Siku ya mazishi, mdogo wako alimkaba msimamizi koo, akamvunja meno mawili mbele ya waombolezaji. Alifungwa mwezi mmoja, wala hakukata rufaa.

Mkeo alikabidhiwa nguo zako ndani ya mfuko. Hakuzifua. Ufunguo ulikuwamo mfukoni, umegandamana na kitambaa kwa damu. Msimamizi aliposhtakiwa, tuliupeleka mahakamani tukidhani unatosha kukusafishia jina.

Baba yako alikuwa kizimbani akitoa ushahidi, msimamizi alipopewa nafasi ya kuuliza. Akauliza swali moja tu.

"Mzee, mweleze hakimu. Ule ufunguo wa pili aliuchonga nani?"

Mdogo wako, aliyeketi benchi la mbele, akatikisa kichwa ili baba asijibu. Lakini baba yako alikuwa amekuona jioni moja, mezani pake, ukiuchonga kwa tupa. Ulimhurumia msimamizi, aliyekaripiwa kila mashine iliposimama nawe umekwenda kula na ufunguo mfukoni. Hapakuwa na shahidi mwingine. Angeweza kusema hajui, na hakuna ambaye angembishia. Ila hakukulea kwa uongo, na hakuona haki kukutetea kwa uongo.

"Aliuchonga mwanangu," akasema. "Nilimwuliza kama haogopi. Akanijibu, 'Baba, tumeahidiana. Kabla hajawasha ataniita, na hatagusa kitu mpaka niitike.'" Kisha akamgeukia aliyemwuliza. "Nawe sasa nijibu, mwanangu. Ulimwita?"

 

"Sikumwita, mzee," akasema msimamizi. "Malori yalikuwa yanangoja."

Kosa lako, mwanetu, lilikuwa kumwamini mtu aliyekuwa na haraka. Hatulifichi. Lakini uzembe haukuwa wako, na neno hilo limefutwa katika taarifa kwa amri ya mahakama. Ufunguo wa pili umekatwa vipande mbele ya wafanyakazi wote. Msimamizi amehukumiwa miaka mitatu, naye ameanza kuitumikia.

Unakumbukwa na baba yako, mama yako, mkeo, mdogo wako, wanao wawili ambao sasa hujichongea penseli wenyewe, na wenzako wa zamu ya asubuhi.

Jana mkeo alizifua nguo zako, akazianika.

Siku zote tutakukumbuka, na tutakuita, hata usipoitika.