Viatu vya Masanja

Ibadakuli, Jumanne

Barua ya kuwakubalia watu wa mpira wa Uganda nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na bado nina hasira. Mdogo wangu Masanja ameamua kuichezea Uganda, nchi ya mama. Tanganyika, nchi ya baba, nao walimtaka.

Mama amefurahi hadi akaimba. "Damu yangu imemwita," alisema. Baba aliitikia tu, "Haya," akatoka nje.

Lakini kabla ya kuandika nilimwuliza Masanja sababu.

"Dada, Tanganyika wanataka tuvae viatu. Uganda wanacheza pekupeku. Nikivaa viatu, mpira siusikii."

"Ni hilo tu?"

"Kwani kuna lingine?"

Wiki nzima tumegombana humu ndani juu ya ukoo, kumbe yeye anawaza nyayo zake. Nikimwambia baba, atapumua. Lakini mama naye atajua, na ule wimbo utakoma. Basi nimenyamaza, na kunyamaza kunanichoma.

Jioni nilimkuta baba barazani, anapaka mafuta ya ng'ombe vile viatu alivyomnunulia Masanja dukani kwa Mhindi. Akaniuliza kama barua imekwisha kwenda posta.

Nikasema itakwenda kesho. Akachukua kiatu cha pili.