Jina la Mheshimiwa ni Langu

Jumapili, 4 Julai

Nimeosha vyombo, nimefungia kuku. Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote.

Jina la Mheshimiwa ni langu. Si lile lililobandikwa kila nguzo ya stima hadi Lurambi. Lile la mtandaoni. Hakuwa amelisajili, na huko jina ni la anayewahi. Nikawahi. Sasa ukiandika jina lake, nukta, ke, unapata ukurasa wangu.

Una picha moja: kaburi la Mama. Chini yake maneno aliyosema Mheshimiwa kwa maikrofoni siku ya mazishi, mkono juu ya jeneza: "Mama huyu amekufa kwa sababu mto ulijaa na daraja hakuna. Nitalijenga mimi." Huku kwetu ukiahidi na mkono juu ya jeneza, umemwahidi maiti. Wazee waliitikia. Huu ni mwaka wa pili. Hakuna hata jiwe. Sasa anataka ubunge.

Mwisho nikaweka: "Jenga daraja, nikurudishie jina lako." Na namba yangu ya simu.

Mimi huyu ambaye nikiulizwa swali darasani natazama viatu.

Kitabu hiki nilikuwa nakiandika kwa Kiingereza kwa sababu Baba hakisomi. Hili limekataa Kiingereza. Basi nitakificha vizuri zaidi. Ndani ya debe la mahindi.

Jumanne, 6 Julai

Umesambaa. Wasichana walikuwa wanausoma jikoni mwa shule kwa simu ya mpishi. Mercy akasema, "Aki huyu mtu ana roho! Mimi ningeshajinyea." Wakacheka. Nikakohoa. Nina furaha mbaya, ya tumboni.

Baba hana furaha. Yeye ni ajenti wa Mheshimiwa hapa kijijini, ile fulana haitoki mwilini. Jioni alisukuma kando sahani ya obusuma, ugali wetu. "Kukhu, kuna mtu anauza kaburi la mama yako." Ananiita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nilitaka kusema. Nikatoa vyombo.

Baba bado anangoja lile daraja. Anaamini kabisa. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jumatano, 7 Julai

Mtu nisiyemjua amenitumia shilingi moja kwa simu. Nimecheka peke yangu. Mheshimiwa mzima, na shilingi moja ya daraja!

Alhamisi, 8 Julai

Nimeelewa katikati ya somo la Hesabu.

Ukimtumia mtu pesa kwa simu, jina lake linatokea. Watu wa Mheshimiwa walikuwa wanatafuta jina. Na lililotokea si langu. Sijafika umri wa kitambulisho. Laini hii kaka yangu Wycliffe ndiye aliyenisajilia, kwa kitambulisho chake. Darasani kwetu karibu kila mtu anatumia laini ya mtu.

Wycliffe anafanya kazi saiba, duka la intaneti, mjini. Anashinda kwa kompyuta. Nani ataamini si yeye?

Nimeufuta ukurasa. Nimempigia. Hashiki.

Ijumaa, 9 Julai

Walimpata Wycliffe jana akifunga duka. Taya limevunjika. Mkono wa kulia pia. Kompyuta zimepondwa kwa mawe, na mwenye saiba hataki hata kumsikia.

Mimi ndiye niliyefanya haya.

Jumapili, 11 Julai

Nimempelekea uji hospitalini. Anaunyonya kwa mrija, taya limefungwa waya. Nilimwambia yote nikitazama sakafu. Kumbe alijua. Akaandika kwa simu kwa kidole cha kushoto: "Walinionyesha namba. Nikasema ni yangu. Sasa ningesema nini, sista?" Kisha: "Na uji hauna sukari. Nimevunjwa taya, si ulimi."

Nikacheka, nikalia. Akaandika tena: "Budaa usimwambie."

Budaa wake huyo, Baba, hajaenda kumwona.

Jumatatu, 12 Julai

Mama Ayuma, jirani, ameniambia ya sokoni. Vijana wa Mheshimiwa walikuja wakiuliza Wycliffe ni nani. Baba akainuka: "Huyo ni wangu! Mtoto wangu!" Akawaelekeza mpaka saiba, mlango wa kijani. Alidhani kampeni inamtafutia kazi ya kompyuta. Aliwashukuru. Aliwapa miwa ya kutafuna njiani.

Sasa ameambiwa namba ilikuwa ya Wycliffe, anasema hana mtoto wa kiume. Nimemsikia akimwambia mjomba: "Aliyemuuza mama yake kaburini, huyo amezaliwa na nani?"

Jumanne, 13 Julai

Baba ameanza kung'oa mabati ya simba ya Wycliffe. Simba ni ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, hapa bomani. Baba akikubomolea simba, ni kama hukuzaliwa hapa. Hutarudi hata kuzikwa.

Nilisimama na ndoo ya maji mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikaipeleka jikoni. Najichukia.

Alhamisi, 15 Julai

Mvua. Simba imebaki na nusu ya paa. Kitanda cha Wycliffe kinalowa. Anatoka hospitali kesho.

Asubuhi nilijaribu. Baba alikuwa anavaa gambuti, viatu vyake vya tope. Nikasema, "Baba." Akasema, "Eeh, Kukhu." Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Sauti yangu ni hii iliyo kwenye karatasi. Sina nyingine.

Nyundo ya Baba imenyamaza. Namsikia akikwangua tope kwenye ngazi. Debe la mahindi liko hapa karibu na mguu wangu, kifuniko wazi. Baba husoma Kiswahili polepole, kidole chini ya kila neno. Nikimaliza mstari huu nitafungua Jumapili ile ya kwanza, nikigeuze kitabu kitazame kiti chake.

Amefika mlangoni.