Hata Mimi Nilikuwa Misri

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, tena nimenenepa mpaka lile gauni ulilonishonea linanibana.

Sikukwambia, nikichelea presha yako isije ikapanda: mama niliyemfanyia kazi za ndani alikuwa akinifungia kwa kufuli na kunipiga. Jumapili moja akasahau kufunga. Nilitoka mbio pekupeku hadi kanisani, nikawakuta wakisoma habari za Waisraeli kuvuka bahari. Nikapiga vigelegele mpaka mchungaji akanyamaza!

Baadaye nikamwuliza, "Baba, sasa Mungu atataka nimlipe nini?"

Akacheka. "Mwanangu, aliwatoa Misri kwanza, ndipo akafanya nao agano mlimani. Uhuru hakuwauzia."

Nililia kwa furaha. Siku hizi nafanya kazi kwa dobi. Jana msichana mgeni aliunguza shuka la mteja, wenzangu wakaanza kumzomea.

"Mwacheni," nikasema. "Hata mimi nilikuwa Misri."

Nikamshika mkono, tukapiga pasi shuka jingine pamoja. Hilo ndilo agano langu, mama, nami nalishika huku naimba.

Ni mimi mwanao, mtu huru.