Injini ya Baba Bwawani

Møllevej 9,
Svendborg, Denmark.
7 Septemba 1987

Mpendwa mdogo wangu Tage,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko New Zealand? Na wifi yangu Moira, kikohozi kimemwachia? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila macho ndiyo yamekwisha. Sasa ananitambua kwa nyayo tu.

Majira ya baridi maji yaliingia chumba cha chini. Ile meli ya mfano aliyoichonga Baba imeoza, ukiigusa inamomonyoka kama mkate uliolowa. Nililia, Tage. Lakini injini yake ya mvuke ilikuwa juu ya rafu, nzima, na bado inanukia mafuta yake. Unakumbuka Jumapili zile bwawani na Baba? Wewe umeng'ang'ania kiberiti, mimi chupa ya spiriti, na hakuna aliyekubali kubadilishana.

Mama aliposikia injini imepona, alisema, "Basi nataka niisikie tena kabla sijaenda zangu."

Nikanunua bodi ya meli ya plastiki kwa muuza vitu vikuukuu. Jirani yetu Preben, fundi bomba, alinicheka: "Bodil wee! Unataka kuendesha meli au kukaanga plastiki?"

Nikajitia sisikii. Niliitia injini ndani ya bodi, nikaiwasha kwenye beseni la kufulia, na mara tumbo la bodi likalegea chini ya moto na kuanza kubonyea. Nikazima haraka. Mama akapaza sauti toka sebuleni: "Unapika nini huko, kiatu?"

Ikabidi nimwendee Preben. Hakunicheka tena. Tuliziba palipoharibika, tukakata bati la alumini, tukalisimamisha juu ya vijiguu vya shaba ili hewa ipite kati yake na plastiki. Jiko la spiriti likakaa juu ya bati. Tangi la mvuke tukalizungushia vibao vyembamba, kama Baba alivyofanya. Dohani tukaipitisha kwenye tundu pana la sitaha, isiguse popote, na tukatoboa matundu mengine ili joto litoke.

Jumapili iliyopita tukampeleka Mama bwawani, tukamketisha na blanketi lake. Nikawasha jiko. Kama bodi ingeyeyuka katikati ya maji, injini ya Baba ingezama kwenye tope lile, na nani angeipata?

Ikakohoa, ikatema maji, kisha ikashika: tuku-tuku-tuku. Ile ile, Tage! Ikakata bwawa lote bila kuyumba. Preben akaipokea ng'ambo, akapapasa tumbo la bodi, akanipigia kelele: "Baridi kabisa! Hii inafika hata kwa Tage!"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akasema, "Mwambieni Laurits arudi, viazi vinapoa."

Nikashtuka. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaushika.

"Usiogope, mwanangu. Najua baba yenu alikufa. Nilitaka tu kuyasema tena maneno yale ya Jumapili."

Nisalimie sana Moira na watoto. Shangazi Gudrun na Preben wanakusalimu, na Mama anakubusu kwenye paji la uso. Mungu akutunze huko mbali, akulete tukuone.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Bodil