Viganja vya Bibi Arusi

Mjukuu wangu Mutua,

Huku Kilungu tuko wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Unauliza kama mikono yako itazoea kazi ya useremala.

Nilipoolewa, niliingia mwethya, kikundi cha akina mama wa kuchimba matuta shambani. Siku ya pili viganja vikajaa malengelenge. Nikavificha kwa leso, nikiogopa kurudishwa kwetu kama mvivu.

Mama mkwe akanivuta mkono. "Kumbe ni hii tu? Mkono ukisumbuliwa unajiongezea ngozi. Wacha jembe, leo utuimbie!"

Nikaimba vibaya, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwezi ulipoisha nilikuwa nawapita kwa kuchimba.

Malengelenge usiyapasue, mwanangu. Ngozi mpya inajipanga hapo chini. Na ule vizuri, unanisikia?

Nyanya yako