Kopo la Chumvi

Mwakeye! Nakuamkia, mjukuu wangu Zabroni. Huku Murungu tu wazima. Maharage yamekomaa, na babu yako bado anagombana na nyani.

Umeuliza kwa nini nilimfokea dada yako alipoanika chumvi juani. Mama yako akiwa darasa la tatu alivimba shingo. Wenzake wakamwita Kibuyu, akagoma kwenda shule. Mimi na mama mkwe wangu tukampeleka hospitali.

Nesi akauliza, "Chumvi yenu ina madini joto?"

"Inayo," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Na tunaiosha itoke mchanga, kisha tunaianika. Kwangu hakuna uchafu."

"Basi, bibi, dawa ya shingo mnaimwaga na maji, na inayobaki inaliwa na jua!"

Jioni maharage yalipoiva, mama mkwe akatia chumvi bila kuiosha, akala wa kwanza, mchanga ukimlia menoni.

"Kula, Kibuyu," akamwambia mama yako. "Tuwanyang'anye hilo jina."

Shingo ilipungua polepole, naye akarudi darasani. Mama mkwe alinunua kopo lenye mfuniko. Aliponiachia jiko, ndilo alilonikabidhi kwanza. Dada yako sasa nimemwonyesha linapokaa.

Bibi yako.