Wote Wapo

London, 4 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na goti lako, na kwamba masikio ya mbwa wako Mot hayajazidi kuziba. Mimi sijambo, ila mafua ya mji huu hayataki kuniacha. Mkate wa zabibu wa jirani yako Bi Prydderch ulifika umebonyea, tukaula hivyo hivyo ofisini. Mpe asante zangu, na umwambie picha yangu nikiwa na wigi hataipata. Kwenye mabaraza ya rufaa za wahamiaji hatuvai wigi wala joho. Hata wateja hunitazama kwa mashaka, wakidhani wakili wa kweli bado yuko njiani.

Leo nina swali, na usinicheke. Nina mteja anayeomba hifadhi. Jina lake siwezi kukutajia, miiko ya kazi hainiruhusu hata kwa baba, na mengine nimeyaficha. Kwao ni milima ya Wakurdi, upande wa Iran, na alikuwa mchungaji. Wa kondoo, si wa kanisa. Aliwapa mkate na chai watu waliokuwa wakisakwa na serikali, kisha serikali ikaja kumsaka yeye. Akakimbia kwenye theluji, akavuka mlima pamoja na kundi lake. Akirudishwa ni jela, na kaka yake aliingia jela hiyo hiyo hakutoka.

Afisa aliyemhoji hakumwamini, na kaandika sababu mbili. Kwanza, mteja aliulizwa alikuwa na kondoo wangapi, akajibu, "Wote." Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Afisa anasema mtu aliyechunga miaka kumi na minne hawezi kukosa idadi ya mifugo yake. Pili, mteja alisema kwamba theluji ilipomziba macho, kondoo jike mmoja mzee ndiye aliyemwonyesha njia. Afisa kaandika kwamba hakuna mwenye akili timamu anayemkabidhi kondoo maisha yake.

Baba, nimekulia Blaen Nant katikati ya kondoo wako, lakini nilikuwa ndani na vitabu, wewe ndiwe uliyekuwa nje. Hivi inawezekana? Rufaa inasikilizwa tarehe 22.

Binti yako,
Mererid


Blaen Nant, 9 Novemba 2018

Mwanangu Mererid,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti ni lile lile, na Mot hasikii kitu isipokuwa sahani ikigongwa. Miezi mitatu hujaandika, leo unaandika kwa sababu ya kondoo! Haya, afadhali kondoo. Nilikwambia watakufaa siku moja, ukanikunjia uso.

Huyo afisa wako nyama ameijua ikiwa imeshafungwa kwenye plastiki. Mchungaji hahesabu. Anayehesabu ni mnunuzi, na karani anayekuja na fomu zake. Mimi nikisimama langoni natazama nani hayupo. Nikiona hakuna aliyekosekana, nasema wote wapo, naenda zangu kunywa chai. Ukiniuliza wangapi, itabidi nikatafute miwani.

La pili. Neno letu la Kiwelisi ni cynefin, nawe unalijua, kama London haijakusahaulisha. Kondoo jike ana mahali pake mlimani. Alionyeshwa na mama yake angali ananyonya, na mama alionyeshwa na bibi. Hakuna ukuta wala waya unaomzuia, na bado hapahami. Njia yake anaijua kwa miguu, si kwa macho, kwa hiyo theluji haimpotezi. Kama kundi la huyo bwana lilizoea kwenda malisho ya kiangazi ng'ambo ya mlima, kondoo mzee angefika tu.

Sasa nitakwambia jambo alilolijua mama yako peke yake. Januari ya mwaka themanini na mbili theluji ilifunika kuta. Nilipanda kuwatafuta kondoo, nikapotea kwenye mlima wangu mwenyewe. Nilichoka nikakaa, na anayekaa kwenye theluji ile haamki. Kondoo mmoja mzee mwenye mkato sikioni akanipita, hata hakunitazama. Nikamshika manyoya, nikaburutana naye mpaka nikaona taa ya jikoni. Sikumwambia mtu. Kanisani wangenicheka mpaka leo, Ifan wa Blaen Nant kuletwa nyumbani na kondoo! Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mwambie afisa kwamba mtu huyo yupo, akili zake ni timamu, na ana binti wakili.

Hujapanda huku tangu mazishi ya mama yako. Siku ile ya kwanza ulipoondoka nilisema sitakuita urudi, na sijakuita. Nakuarifu tu kwamba bati la banda limevuja.

Baba yako


London, 24 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi? Barua yako niliisomea ngazini, nikairudia tena. Nina miaka thelathini na tano, na siku zote hizi sikujua kwamba nipo duniani kwa sababu ya kondoo.

Kukuleta wewe uwe shahidi sikuweza, nani atamsikiliza baba wa wakili? Na kumfundisha mteja la kusema ni mwiko mkubwa kwetu, ningevuliwa uwakili. Nilichoweza ni kuuliza swali, na kabla ya barua yako sikuwa nalo.

Siku ya rufaa mteja wangu alikuwa amejibu kwa neno moja moja tangu asubuhi, akitazama meza. Mkalimani alikuwa anaboreka. Nikamwuliza, "Kondoo anajuaje mahali pake?" Akainua kichwa. Baba, yule mtu alianza kusema, asinyamaze tena. Alikunja mkono kuonyesha mwanakondoo anavyojisogeza chini ya mama yake. Alitaja mawe, alitaja majani, alimtaja kondoo mzee kwa jina. Mkalimani akamwomba apunguze mwendo.

Sisi tumefundishwa kutazama kalamu ya jaji. Ikiandika, subiri. Ikilala, una shida. Ya huyu mama jaji ikalala mezani. Akasema, "Endelea tu." Alikuwa ameacha kuandika ili asikilize.

Kisha mwenzangu wa upande wa serikali akasimama. "Kwa mara ya mwisho, walikuwa kondoo wangapi?"

"Wote."

Zamu yangu iliporudi nikauliza, "Ulijuaje kwamba ni wote?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza maji yana rangi gani. "Nilitazama nani hayupo."

Maneno yako, baba, na mimi sikuwa nimempa hata moja.

Uamuzi utakuja kwa posta. Unaweza kuchukua wiki, unaweza kuchukua miezi. Yeye anasubiri kwenye chumba cha watu wanne, na haruhusiwi kufanya kazi yoyote.

Binti yako,
Mererid


Blaen Nant, 20 Desemba 2018

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Bado tu? Huyo mama anasoma au anafuma soksi?

Jumapili nilisali kwa sauti kanisani, nikamwomba Mungu amkumbuke mchungaji aliye taabuni. Sikuwa na jina la kutaja. Baada ya ibada mchungaji wetu alinifuata mpaka langoni, uso umempauka, akaniuliza nimesikia nini juu yake. Bi Prydderch hajaacha kucheka.

Krismasi njema. Andika ukipata neno, hata kama ni baya.

Baba yako


London, 17 Januari 2019

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Ameshinda.

Jaji ameandika kurasa kumi na moja, nami nakunakilia sentensi moja tu: "Nimeridhika kwamba mrufani ni mchungaji, kwa kuwa mtu asiyechunga asingejibu hivyo." Nilipomsomea, na mkalimani alipomaliza, aliomba asomewe tena. Kisha akalia, nami nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba.

Alitaka kujua nani alinifundisha swali lile. Nikamwambia ni mtu mmoja mwenye kondoo. Akaweka mkono kifuani akainama, si kwangu, kuelekea dirishani, kana kwamba ulikuwa umesimama nje. Zawadi kutoka kwake siwezi kupokea, naye aliona haya kuondoka bila kutoa kitu. Akafikiri. Akauliza, "Huyo mtu, kondoo wake wanazaa mwezi gani?"

Sasa ana ruhusa ya kufanya kazi. Nimemwambia nitauliza. Una goti bovu na mbwa kiziwi, baba, usijifanye mwamba.

Na lingine. Nilipoondoka Blaen Nant nilidhani natoka mikono mitupu, kwamba sikuchukua chochote chako. Sivyo. Asante. Asante kwa barua, na kwa kumshika yule kondoo manyoya.

Binti yako anayekupenda,
Mererid


Blaen Nant, 2 Februari 2019

Mererid,

Aprili. Alete viatu vya mpira. Mimi si mwamba, lakini goti ni zima kuliko unavyodhani.

Baba yako


Blaen Nant, 9 Aprili 2019

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na kazi zinaendaje? Sisi hatujambo, na safari hii nikisema sisi, tuko watatu na Mot.

Jina lake sasa ninalo. Alinipa mwenyewe pale kituo cha treni, kabla hata hajatua mkoba. Hemin. Nimeshampeleka kanisani nikamwombea kwa jina, kwa sauti, na mchungaji wetu akashusha pumzi.

Yeye ana Kikurdi, mimi nina Kiwelisi, na Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuazima. Haidhuru. Jumatatu mwanakondoo mmoja alizaliwa mfu, na pembeni palikuwa na mwingine aliyefiwa na mama. Nilikuwa nachomoa kisu nimwonyeshe tunavyofanya huku, kugeuka nakuta ameshaanza. Alimvisha yatima ngozi ya marehemu, akampeleka kwa yule mama mfiwa, naye akamnusa, akadhani ni wake, akamkubali. Tukatazamana tukacheka kama wehu. Hata Mot, ambaye nilidhani masikio yake yamekwisha, humsikia akipiga mluzi kutoka upande wa pili wa bonde. Labda mimi ndiye niliyekuwa sipigi vizuri. Bati la banda nalo limezibwa. Bi Prydderch anamletea mkate wa zabibu kila siku ya pili, na mimi napewa ncha.

Mererid, nilikasirika sana ulipochagua kwenda kubishana mahakamani. Nilisema ni kazi ya maneno matupu. Nimemwona huyu mtu akiwa amepiga magoti kwenye majani na mwanakondoo mkononi, nikafikiri juu ya mahali ambapo angekuwa leo. Nilikosea, mwanangu. Nashukuru kwamba hukunisikiliza.

Jana jioni tulisimama langoni. Nikamjaribu. "Hemin, wangapi?" Akatazama mlima kutoka juu mpaka chini, hakufanya haraka. Kisha akanijibu kwa Kiwelisi nilichomfundisha asubuhi. "Wote wapo."

Tukaingia kunywa chai. Sikumsahihisha. Yeye ni mgeni, angejuaje? Lakini mimi nilipoketi mezani nilitazama nani hayupo.

Nilisema sitakuita. Nakuita. Pasaka ni tarehe 21.

Baba yako